Mnunuzi wa Tiketi Aambiwe Ukweli

Siku hizi, kila mwimbaji apandapo jukwaani akaimba pasi na dosari, hawakosekani wanaonong'ona kwamba sauti ile si ya koo lake bali imeundwa kwa akili mnemba. Na dhana hiyo, ingawa mara nyingi haina ushahidi, haikuzuka bure.

Walimwengu hawajasahau kadhia ya Milli Vanilli, kundi la muziki la vijana wawili waliotunukiwa tuzo ya Grammy Februari 1990, kisha wakavuliwa Novemba mwaka ule ule, baada ya mtayarishaji wao, Frank Farian, kukiri hadharani kwamba nyimbo zao ziliimbwa na watu wengine. Hata hivyo, hila ya zama zile ilikuwa na njia ya kujifichua: mwaka 1989, katika onyesho lao huko Connecticut, Marekani, rekodi ilikwama, ikakariri maneno yale yale mbele ya kadamnasi. Lakini akili mnemba huweza kuiga hata pumzi na mtetemo wa koo, hivyo sikio, lililokuwa hakimu wa waimbaji tangu kale, haliwezi tena kuhukumu kwa yakini.

Wanaodhulumika hapa ni wawili: msikilizaji aliyetoa fedha yake ili amsikie mtu, na mwimbaji hodari ambaye umahiri alioupata kwa miaka ya mazoezi sasa ndio unaomtia mashakani. Kumtuhumu mtu pasi na bayana ni dhulma. Lakini kumficha mnunuzi hali ya kitu anachokinunua nako ni ghushi, sawa na kutia maji maziwa ya kuuza.

Wala chombo chenyewe, yaani akili mnemba, hakina hatia. Randy Travis, mwimbaji wa Marekani aliyepatwa na kiharusi mwaka 2013 kikamzuia kuimba, alitoa wimbo mwaka 2024 kwa sauti iliyorejeshwa kwa akili mnemba kutokana na rekodi zake za zamani. Mwenyewe aliridhia, umma ukaelezwa, na hakuna aliyehadaiwa.

Basi wajibu wa kwanza ni wa waandaaji, kwani wao ndio wauzao tiketi. Tamasha la Sauti za Busara, Unguja, limejipatia heshima kwa kushika sharti la muziki kupigwa na kuimbwa papo kwa papo. Wengine nao waandike wazi, katika matangazo na katika tiketi, iwapo tutasikia sauti hai, pleibeki (yaani rekodi huku mwimbaji akifuatisha kwa midomo tu) au sauti ya mashine. Nasi tuulize kabla ya kulipa, na tusipojibiwa, fedha zetu zibaki mifukoni.