Vitabu vya Kuanzia kwa Anayetaka Kutunza Hifadhidata

Katika kila kambi na kila kituo cha polisi mna masjala, na katika masjala mna mtu ajuaye jalada lipi limewekwa rafu ipi. Zamani mtu huyo alikuwa karani mwenye leja na kalamu. Siku hizi majalada mengi yamehamia ndani ya kompyuta, na karani huyo amepata mrithi aitwaye msimamizi wa hifadhidata. Yeye ndiye ahakikishaye ya kwamba orodha ya mishahara, ya silaha, ya wagonjwa au ya wastaafu inapatikana inapohitajiwa, haiguswi na asiyeruhusiwa, wala haipotei mtambo uharibikapo. Jina moja likipotea katika leja hiyo isiyoonekana, mjane aweza kusimama dirishani mwezi mzima akiambiwa kwamba marehemu mumewe hakupata kuajiriwa.

Si ajabu basi kwamba askari wanaokaribia kustaafu, pamoja na vijana waliomaliza sekondari, huulizia vitabu vya kazi hii. Shida ni kwamba kitabu kipya cha kompyuta ni ghali, na muuzaji aghalabu hukisifu kile kilicho kinene. Hapana budi mnunuzi ajue anachokitafuta kabla ya kufungua mfuko.

Yafaa ieleweke kwanza asili ya elimu yenyewe. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyepata kuwa rubani wa jeshi la anga la nchi yake katika Vita Kuu ya Pili, na ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, alitoa makala akieleza kwamba kumbukumbu zaweza kupangwa zote katika majedwali yanayohusiana. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa kampuni hiyo hiyo, wakatangaza lugha ya kuulizia majedwali hayo, ambayo leo huitwa SQL. Mambo hayo mawili yangali msingi wa Oracle, MySQL, PostgreSQL na nyingine nyingi. Kwa hiyo kitabu kinachofundisha msingi hakichakai upesi. Kinachochakaa ni kile kinachofundisha vitufe vya mtambo mmoja wa toleo moja. Hapo ndipo fedha za wengi hupotelea.

Kitabu cha kwanza na kiwe cha kupanga majedwali. "Database Design for Mere Mortals" cha Michael J. Hernandez, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1997, chafaa sana, kwa kuwa hakikufungwa kwenye mtambo wowote. Mtu aweza kukisoma kwa penseli na daftari, hata umeme ukikatika. Mathalani, mwanafunzi na achukue bohari ya silaha. Asiyefunzwa huandika kila kitu katika jedwali moja, na jina la askari hurudiwa kila achukuapo bunduki. Hapa Juma, pale Jumaa, na mwisho wa mwaka hakuna awezaye kusema kama hao ni watu wawili au mmoja. Aliyefunzwa hutenga jedwali la askari kwa namba zao za jeshi, jedwali la bunduki kwa namba zilizochongwa juu yake, kisha jedwali la tatu la makabidhiano linaloziunganisha namba hizo pamoja na tarehe. Jina huandikwa mara moja tu, na likikosewa husahihishwa mahali pamoja. Afadhali mwanafunzi akae mwezi mzima hapo kuliko kukimbilia mbele.

Baada ya hapo ndipo ije SQL. "Learning SQL" cha Alan Beaulieu kilianza kuchapishwa mwaka 2005, na toleo la tatu likatoka mwaka 2020. Atakayepata toleo la pili kwa bei nafuu hatakosa kitu kikubwa katika sura za mwanzo. Lakini kuisoma SQL bila kuiandika ni sawa na kujifunza kwata kitandani. Kwa mazoezi iko SQLite, programu ya bure aliyoianza D. Richard Hipp mwaka 2000 alipokuwa katika kazi ya programu za manowari ya Marekani. Hutumika hata katika kompyuta kuukuu.

Kitabu maarufu cha C. J. Date, "An Introduction to Database Systems", kilichotoka kwanza mwaka 1975, ni cha heshima, lakini toleo lake la nane lina karibu kurasa 1,000 na si mahali pa kuanzia.

Katika usimamizi wenyewe, cha Craig Mullins, "Database Administration", toleo la pili la mwaka 2012, hueleza ruhusa, kasi na nakala za akiba bila kupendelea kampuni moja. Kisha mwanafunzi na achague mtambo. PostgreSQL ni ya bure, na mwongozo wake rasmi hupatikana bila malipo. Toleo kubwa jipya hutoka takriban kila mwaka na kila moja huhudumiwa miaka mitano. Toleo la 9.6, la mwaka 2016, liliachwa Novemba 2021. Kabla ya kununua kitabu cha mtambo, namba ya toleo na isomwe kwanza.

Aidha, na iangaliwe sura ya kurejesha kumbukumbu zilizopotea. Kitabu kinachoitengea kurasa mbili tu na kirudishwe rafuni. Tarehe 31 Januari 2017, mfanyakazi mmoja wa kampuni ya GitLab alikusudia kufuta kumbukumbu za mtambo wa akiba, akafuta za mtambo mkuu. Nakala za kila siku zilipotafutwa, hazikuwapo: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 na hifadhidata ya 9.6, kwa hiyo kazi ilikuwa ikishindikana kimya kimya. Kumbukumbu za takriban saa sita zikapotea. Kampuni yenyewe ilitangaza habari hizo hadharani, jambo la kusifiwa.

Vitabu vya maswali na majibu ya mitihani vina wakati wake, lakini si huu. Kuhusu Kiingereza chao, daftari la maneno magumu hutosha, hasa mume na mke wakisoma pamoja. Na familia tatu za kambi moja zikinunua kila moja kitabu chake na kuvizungusha kila baada ya miezi miwili, wote watakuwa wamevisoma vitatu katika nusu mwaka, ili mradi jina la mwenye kitabu liandikwe ndani ya jalada kabla uhamisho haujatangazwa.