KABLA HUJACHIMBA MSINGI, NJOO OFISINI

Ndugu mkulima, kila mara viazi vikiisha kuuzwa, marundo ya mawe huanza kuonekana kando ya njia zetu za skimu. Ni jambo la kufurahisha. Mtu aliyelala miaka mingi katika nyumba ya mbao inayoingiza upepo ana haki ya kutaka ukuta wa mawe. Lakini mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, na wengi wa wenye mawe hayo hunijia wakiwa wamechelewa. Huja kuuliza habari za karatasi wakati ukuta umekwisha kufika dirishani.

Nikiwauliza kwa nini hawakuja mapema, karibu wote hunijibu jambo moja: kibali cha kujenga ni mambo ya watu wa mjini, na mtu anayejenga shambani kwake hana wa kumwuliza. Jibu hilo si kweli. Sheria ya mwaka 2019 ya kupanga ardhi na matumizi yake haikutenga mji na shamba. Anayeanza ujenzi bila ruhusa ya kaunti aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili. Najua kwamba kaunti zote hazifuati jambo hili kwa ukali uleule, na najua wako waliojenga bila kibali na hawakuulizwa kitu. Kwa hiyo sitaki kukutisha kwa faini. Nataka kukueleza hasara iliyo kubwa kuliko faini.

Mwaka 1998 baba yangu alinunua ekari moja na nusu kwa jirani. Walikubaliana mbele ya wazee wanne, wakaandika karatasi, wakatia dole gumba, chai ikanywewa, na juma lile lile tukaanza kulima. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Kazi yangu ilikuwa kuokota mawe. Baba alijenga polepole, kama wajengavyo watu wasio na mshahara: mwaka huu msingi, mwaka ujao ukuta, kisha mabati. Nyumba ilikwisha baada ya miaka minne, nasi tukahamia humo kwa sherehe.

Jirani yule hakuwa mwizi. Alipokea pesa zake na hakutusumbua hata siku moja. Alipofariki mwaka 2009, wanawe walikwenda ofisi ya ardhi, wakakuta shamba lote liko kwa jina la baba yao, na tena deni la Mfuko wa Makazi halijaondolewa katika hati. Jina letu halikuwamo popote. Hakuna aliyekwenda mbele ya Bodi ya Ardhi kuomba kibali cha mauzo, na kwa Sheria ya Kudhibiti Ardhi ya mwaka 1967, mauzo ya shamba yasiyoombewa kibali katika miezi sita tangu mapatano hayana nguvu. Mnunuzi aweza kudai pesa alizolipa. Sheria hiyo haimpi nyumba.

Wako waliopeleka mashauri ya namna hii mahakamani na wakasikilizwa, lakini baba hakuwa na pesa za wakili wala miaka ya kungoja. Alirudishiwa bei ya mwaka 1998, ambayo wakati huo haikutosha hata kununua simiti ya nyumba moja. Tulifungua mabati, tukang'oa milango na madirisha, tukavipakia juu ya trekta la kukodi. Mawe tuliyaacha pale.

Basi elewa neno hili: nyumba hufuata ardhi. Ukijenga juu ya ardhi isiyo yako kwa karatasi, umemjengea mwenye karatasi, hata kama kila jirani anajua kwamba ni wewe uliyebeba mawe kwa mgongo.

Hapo ndipo naona faida ya kibali cha kujenga, faida ambayo wengi hawaitazami kwa sababu wanaiona ada peke yake. Ukienda kuomba kibali, afisa atakutaka ulete nakala ya hati, ramani ya nyumba na ya mahali itakaposimama, na mara nyingi majibu ya rekodi kutoka ofisi ya ardhi, ambayo sisi tunayaita sachi. Kama hati ina kasoro, itajulikana siku hiyo, pesa zako zikiwa bado mfukoni. Kama baba angalidaiwa karatasi hizo mwaka 1998, angalirudi nyumbani akiwa amekasirika, akamshika jirani mkono, nao wangalikwenda kwa Bodi pamoja wakati wote wawili wakiwa hai.

Nawaomba hasa vijana wanaojenga katika mashamba ya babu zao walisome jambo hili mara mbili. Skimu zetu zilipoanza kugawiwa mwaka 1962, ploti zilipimwa kwa hesabu ya familia moja. Familia hiyo ipate chakula, ilipe mkopo wa ardhi wa miaka 30, na ibakiwe na pauni 25, 40 au 70 kwa mwaka, kwa kadiri ya skimu. Leo katika ploti ile ile utakuta nyumba tano au sita za wana na wajukuu, na hati bado ina jina la mzee aliyekwisha kuzikwa. Kila mmoja anasema, "Hapa ni kwangu, babu alinionyesha kwa fimbo." Fimbo ya babu naiheshimu. Lakini ofisi ya ardhi haina rekodi ya fimbo.

Mambo ya kufanya hapo yana utaratibu wake. Kwanza mirathi ifunguliwe mahakamani. Chifu ataandika barua ya kuwataja warithi wote, mabinti na wajane pia. Kama deni la Mfuko wa Makazi lilikwisha kulipwa lakini halikufutwa, ombeni lifutwe. Kisha mwombe Bodi kibali cha kugawa, mpima ardhi aweke mawe ya mipaka, na kila mtu apate hati yake. Najua kazi hiyo ni ndefu, nayo yagharimu. Hata hivyo ndugu sita wakichanga gharama hizo, kila mmoja hutoa kidogo kuliko bei ya lori la mawe. Sielewi kwa nini tunaona lori ni lazima na hati ni anasa.

Anayenunua asisahau mke wa muuzaji. Tangu sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013, nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mume na mke. Mama akikataa mbele ya Bodi, afadhali akatae siku hiyo kuliko baada ya wewe kuezeka.

Mengine nayapitia upesi. Usijenge ukingoni mwa mto, wala chini ya waya za umeme, wala juu ya njia iliyomo katika ramani hata kama haijalimwa na trekta miaka 30. Siku moja itafunguliwa. Choo cha shimo kikae mbali na kisima, yapata meta 30, na upande wa chini wa mteremko. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kilimo, nitasema pia kwamba nyumba yafaa kusimama penye mawe mawe, si pale kabichi zinapostawi.

Sasa nigeukie ofisi, ingawa nami hukaa upande wa pili wa meza. Mkulima anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, akalipa matatu mbili, akaambiwa mwenye muhuri hayupo, hatarudi mara ya tatu. Atajenga tu, na sehemu ya lawama ni yetu. Maafisa wa kaunti wangekuja sokoni siku moja kila mwezi wakiwa na fomu na ramani, naamini maombi yangeongezeka. Nilisomea ualimu kabla ya ukarani, na sikuona mtoto aliyejifunza kwa kufungiwa mlango wa darasa.

Lakini usingoje siku hiyo ya soko. Peleka maombi yako, na usiondoke bila nakala iliyopigwa muhuri wa tarehe. Sheria ya 2019 yasema siku 60 zikipita bila jibu la maandishi, ruhusa huhesabiwa kuwa imetolewa. Pasipo nakala ile huwezi kuonyesha kwamba siku hizo zimepita. Habari za kikao cha Bodi utazipata kwa Naibu Kamishna wa Kaunti, ambaye ndiye mwenyekiti, au kwa chifu wako. Uliza kabla ya kumlipa mwenye lori.