MUHURI HAUFUFUI MAITI



Ijumaa baada ya swala kijana mmoja kanifuata na karatasi kaiweka kwenye nailoni. Kanunua ekari tatu za mikorosho huku kwetu Newala, kwa mtu mwenye hati ya uwakili kutoka kwa kaka yake wa Dar es Salaam. Hati ina saini, picha na muhuri. Sasa mjane katokea na watoto. Kumbe mwenye shamba alifariki miezi minne kabla ya mauziano! Kijana ananiambia, "Shehe, mimi nimenunua halali, muhuri huu hapa."

Hapana, mwanangu. Hukununua kitu.

Uwakala ni halali, sina ugomvi nao. Mtume (s.a.w.) alimpa Urwa al-Bariqi dinari moja amnunulie kondoo, akarudi na kondoo na dinari juu, akaombewa baraka. Lakini wakala anasimama kwa idhini ya aliyemtuma. Huyo akifa, uwakala umekwisha. Ndivyo wanavyosema wanavyuoni, na hata Sheria ya Mikataba ya nchi hii, Sura ya 345, inataja kifo kuwa mwisho wa uwakala. Mali ni ya warithi tangu hapo. Muhuri unasema tu kwamba siku ile mtu alisaini.

Na usijifanye hukujua. Bei ilikuwa nusu ya shamba la jirani. Uliambiwa fanya haraka, msimu unakaribia. Simu moja kwa mwenye mali hukupiga! Halmashauri ya kijiji uliikwepa, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka iidhinishe. Kila msimu tunamlaani mtu wa kangomba anayenunua korosho zikiwa bado maua. Wewe umechukua mti na mizizi yake, unataka tukuite mwekezaji?

Wapo pia wajomba wanaodhani mali ya mpwa ni yao kwa sababu ya ukoo. Wasome Suratun Nisaa, aya ya 10, juu ya mali ya yatima. Na sisi mashehe tunaoitwa kushuhudia, tunasoma Fatiha kabla hatujaisoma karatasi, bahasha ikishapita. Wallahi tutaulizwa.

Nimemwambia arudishe shamba kabla korosho hazijaanza kudondoka, pesa yake amdai aliyeipokea. Kakasirika, anasema atahamia msikiti mwingine. Aende. Jumatatu mimi na mjane tunakwenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi.