Jua Lilipatwa, Doa Likabaki Jichoni

Tarehe 1 Septemba 2016, kuelekea saa sita mchana, jua lilibaki pete juu ya Rujewa, Mbarali. Huku Choma cha Nkola, wilayani Igunga, lilimegwa tu. Hata hivyo watu walilitazama, na maneno yanayosemwa kuhusu macho baada ya tukio kama lile mengi si kweli.

"Lingeniunguza ningesikia maumivu." Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina neva za maumivu. Doa katikati ya kila unachokitazama, au mistari iliyonyooka kuonekana imepinda, huja saa kadhaa baadaye, pengine kesho yake.

"Lilikuwa limefunikwa, nguvu imepungua." Kipande kilichobaki wazi kina ukali uleule wa jua zima. Kibaya zaidi, mwanga ukififia mtu anaacha kukunja uso na mboni inapanuka. Kulitazama ndani ya beseni la maji au kupitia filamu ya eksirei hupunguza mng'aro tu, usalama haumo.

"Nimepimwa nikapata 6/6, nimepona." Hii ndiyo inayonikera, maana nusu yake ni kweli. Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya miezi mitatu hadi sita. Lakini bango la kliniki lina herufi nyeusi kubwakubwa kwenye weupe, na jicho hujifunza kusogea kidogo kulikwepa doa. Mpe mtu huyohuyo ungo wa mchele achambue: kijiwe kinaonekana, kinapotea, kinarudi. Akisoma, herufi moja inamezwa katikati ya neno. Tena macho mawili hufichiana aibu, kwa hiyo lazima azibe moja, kisha jingine, akitazama karatasi ya miraba. Kipimo kinachopiga picha tabaka za retina kinaweza kuonyesha pengo dogo katika seli za kupokea mwanga hata baada ya miaka.

"Basi nitanunua miwani." Lenzi hupeleka taswira kwenye retina, palipoungua hakuna wa kuipokea. Dawa iliyothibitika kurudisha seli hizo haijapatikana, na asali au maji ya majani yatakuongezea kidonda cha kioo cha jicho.

"Likipatwa tena, fundi wa kuchomelea ataniazima kioo chake." Muulize namba kwanza. Cha 14 kinafaa. Vingi vya karakana za mtaani ni 10 au 11, na hivyo havitoshi kulitazama jua.