Msimwite Mkulima wa Korosho Mpumbavu

Kuna jambo linanikera nami sitanyamaza. Vijana wetu waliosomea saikolojia huja Masasi na Newala na madodoso yao. Wakimkuta mkulima aliyeuza korosho kwa kangomba, yaani kwa mchuuzi wa magendo kwa bei ya kutupa, mikorosho ingali maua, huandika kuwa hana subira, haoni mbali. Hana subira! Huyu ambaye mama yake alishuka mabondeni kuteka maji, akaupanda uwanda wa juu wa Makonde na mtungi kichwani?

Sitetei kangomba. Ni dhuluma, na dhuluma Mungu haipendi, awe aitendaye ni wa msikitini au wa kanisani. Lakini moyo wa mtu ni msitu, na ninyi vijana hamtauingia bila kumuuliza mwenyewe anaamini nini juu ya mali: ni ya nani, nani huigawa, ahadi ya nani hutimia. Mwalimu Nyerere aliliona hilo. Mwaka 1962 aliandika kwamba kinachowafanya watu wajaliane si muundo wa siasa, ni moyo walio nao.

Mtazameni mzee wa Newala. Miaka ya 1970 alihamishiwa kijiji cha ujamaa, mikorosho yake ikabaki porini. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Likaja soko huria na wachuuzi wake. Mwaka 2007 zikaja stakabadhi ghalani: peleka mzigo, ngoja mnada. Mwaka 2018 Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakasomba, na wengine wakangoja fedha miezi. Mwenye kovu usidhani kapoa! Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Anayeshika kidogo cha leo amefundishwa na maisha yake kwamba cha kesho huliwa na wengine. Vitabu mlivyosoma vimetokana zaidi na kuwapima wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Ulaya. Hao hawakungoja malipo ya korosho.

Nanyi wanangu si wajinga; mmesoma, nasi tunajivunia. Basi kaeni barazani na wazee kabla ya kufungua madaftari.

Tena, niwageukie baadhi ya viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika. Mnalaani kangomba jukwaani, huku mizani yenu inanung'unikiwa na makato hayasomwi mkutanoni! Mtu atawaaminije? Itisheni mkutano kabla ya mnada wa kwanza, msome kila kato, shilingi kwa shilingi, na mizani ipimwe mbele ya wakulima wenyewe.