Tairi Lina Mwenyewe

Jioni ya Jumamosi, 28 Juni 2025, basi la abiria na basi dogo aina ya Coaster yaligongana eneo la Sabasaba, wilayani Same, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Arusha. Magari yote mawili yalishika moto. Taarifa za kwanza za Serikali zilitaja vifo 38, na idadi ikapanda siku zilizofuata. Miili mingi iliungua hata ndugu wakashindwa kuitambua kwa macho, ikabidi vitumike vipimo vya vinasaba. Chanzo kilichotajwa na Ikulu kilikuwa kifupi: tairi la basi lilipasuka, dereva akashindwa kulimudu gari. Kwa habari ya siku hiyo maelezo hayo yalitosha. Kwa nchi inayotaka msiba wa namna ile usijirudie, hapo ndipo maswali yalipaswa kuanza, kwa kuwa kila tairi linalobeba abiria lina aliyelinunua, aliyelifunga, aliyelikagua na aliyeamua kwamba bado linafaa safari. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba usimamizi wetu wa usafiri wa umma umezoea kumtazama dereva akiwa barabarani, ilhali sehemu kubwa ya hatari huwa imeshaamuliwa gari likiwa gereji au kituoni, tena na mtu ambaye mara nyingi hamo ndani ya gari. Same, ambako barabara kuu ya kaskazini inapita chini ya Milima ya Pare, panaonyesha upungufu huo pande zote mbili, tambarare na mlimani.

Tuanze kwa kutenda haki. Si kweli kwamba Serikali imekaa tu. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA, na ilirithi mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi kwa satelaiti, ambao wengi wanaufahamu kwa jina la VTS. Mfumo huo unaonyesha basi liko wapi na linakwenda kwa kasi gani, hata likiwa pori la katikati ya Hedaru na Makanya ambako hakuna askari. Safari inayozidi saa 8 inatakiwa iwe na madereva wawili. Madereva wa mabasi wanatahiniwa na kusajiliwa. Kwa kutegemea vidhibiti hivyo, Serikali iliruhusu mabasi kusafiri saa 24 kuanzia Oktoba 2023, baada ya miaka mingi ya zuio la safari za usiku. Hayo ni mafanikio, na anayeyabeza hakumbuki mabasi yalivyokuwa yakifukuzana kwenye barabara hiyo hiyo. Lakini vidhibiti vyote hivyo vinapima jambo moja: mwenendo wa mtu aliyeshika usukani. Skrini ya VTS inaonyesha basi linakwenda kilomita 80 kwa saa. Haionyeshi linakwenda kwa tairi la namna gani.

Kulisoma tairi kunahitaji macho tu. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne zilizopigwa muhuri: mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa, kwa hiyo 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Ukiinama kidogo unaona kama kashata zake bado zina kina au limeshakuwa kipara, kama ubavu umeanza kupasuka nyufa ndogo kama udongo mkavu, na kama matairi mawili ya nyuma yaliyofungwa pamoja yanalingana kimo au moja limeachiwa kubeba uzito wa mwenzake. Kazi hiyo kwa basi zima haizidi dakika chache, na inahitaji gari lililosimama, matairi yaliyopoa na mtu asiye na haraka. Masharti hayo matatu hayapatikani kando ya barabara saa kumi jioni, abiria wakipiga kelele za kuchelewa. Yanapatikana kituoni kabla basi halijaondoka, au gereji usiku uliotangulia. Ripoti ya ukaguzi inayoambatanishwa na maombi ya leseni ni ya siku moja katika mwaka mzima, wakati basi la Dar es Salaam kwenda Moshi au Arusha linaweza kumaliza seti ya matairi kabla leseni yake haijafika ukingoni. Pengo lililo kati ya ripoti hiyo na safari ya leo ndilo ambalo hakuna ofisi inayoliona kuwa lake.

Atakayesema kwamba askari wa usalama barabarani ni wengi njiani yuko sahihi. Abiria anayetoka Mombo kwenda Himo anajua basi litasimamishwa mara ngapi, na anajua pia kinachofuata: konda anashuka mbio na makaratasi mkononi, anazungumza, anarudi, safari inaendelea. Mara nyingi kinachokaguliwa ni leseni, bima, mikanda na idadi ya waliosimama, na adhabu ya kawaida ni faini ya shilingi 30,000. Tairi moja jipya la basi ni laki kadhaa. Tajiri wa basi mwenye hesabu za kawaida hahitaji kuwa mtu mbaya ili aone kwamba kulipa faini mara mojamoja ni nafuu kuliko kubadilisha matairi sita kwa wakati. Tunapomlaumu kwa uroho tunasahau kwamba ni sisi tuliompangia bei hizo mbili, na tukaweka ya makosa chini ya ile ya kutii.

Zipo takwimu zinazoonekana kupinga hoja hii. Katika salamu zake za kufunga mwaka 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alisema watu 1,715 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka huo, na akaeleza kuwa sehemu kubwa kabisa ya ajali hizo ilitokana na makosa ya kibinadamu: uzembe, mwendokasi, kupita magari mengine pasipostahili. Kama ndivyo, kwa nini tumwache dereva tumfuate mwenye gari? Jibu la kwanza ni kwamba dereva asiachwe. Anayelipita lori kwenye kona ya Makanya na abiria 50 nyuma yake anastahili kupoteza leseni. Jibu la pili ni kwamba mwendokasi nao una chanzo chake. Aprili na Mei 2015 madereva wa mabasi waligoma nchi nzima, na mojawapo ya madai yao makubwa lilihusu mikataba ya ajira. Dereva asiye na mkataba, anayelipwa kwa safari au anayetakiwa kupeleka hesabu kamili jioni, hulipwa kwa kuwahi, na kazi yake anaweza kupewa deiwaka, dereva wa kibarua cha siku, kesho asubuhi akikataa kuondoa gari bovu. Mtu wa namna hiyo akikosea, kosa ni lake, lakini mazingira ya kosa yaliandaliwa na mwingine, na takwimu zinazoishia kwa dereva zinamfichia mwingine huyo.

Sasa tupande mlimani, ambako hata huo usimamizi wa nusu haufiki. Chome, Mbaga, Vudee, Suji, Mamba na Myamba ni maeneo yenye watu wengi na mazao: tangawizi, ndizi, maharage, mboga. Barabara zake ni nyembamba, nyingi za udongo na mawe, zikiwa na vipande vya zege kwenye miinuko mikali. Magari yanayopandisha watu huko ni yale yanayoweza kupanda: Noah, Coaster zilizochoka, Land Rover za zamani, Fuso za mizigo, na bodaboda kwa waliobaki. Siku ya gulio mizigo hupangwa juu ya paa hadi gari likawa na kichwa kizito, kisha watu wakakaa juu ya mizigo. Kuteremka ndiko kunakoua. Dereva anayebana mafuta huweka nyutro na kuacha gari lishuke kwa uzito wake. Breki hubeba kazi yote, huchemka, na zikishachemka hazishiki. Mwishoni mwa Machi 2025, miezi mitatu kabla ya msiba wa Sabasaba, gari lililobeba wanakwaya wa Kilutheri wa Chome lilipata ajali Bangalala na kuua baadhi yao. Ratiba za mabasi, madereva wawili, king'amuzi cha kasi: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichobuniwa kwa safari za namna hiyo. Kwenye mteremko wa Pare kilomita 40 kwa saa ni kasi ya kutisha, na kwenye skrini ni gari linalotii sheria.

Pingamizi zito zaidi linatoka huko huko mlimani. Watu wa Mbaga na Chome watauliza: mkileta ukaguzi wenu magari yakakimbia, mama mjamzito atashukaje Same? Ni swali la haki, na ndilo lililowafanya viongozi wengi wafumbe macho. Hata hivyo kufumba macho hakujampa mama huyo gari salama. Kumempa gari lolote, akiwa na bahati. Njia ya katikati ipo. Kwa miaka mingi halmashauri zimetoa leseni za bodaboda na bajaji kwa niaba ya mdhibiti, kwa kuwa ofisi ya mkoa haiwezi kumfikia kila mwenye pikipiki. Utaratibu huo unaweza kupanuliwa kwa magari ya milimani: leseni ya njia fulani, kwa gari la aina fulani, idadi ya abiria iliyopunguzwa, mzigo wa paa uliowekewa kikomo, na ukaguzi wa breki na matairi kila mwezi pale pale Same badala ya kumpeleka mtu Moshi, zaidi ya kilomita 100. Nauli nayo iendane na njia. Mwishoni mwa 2023 LATRA ilipanga shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la daraja la kawaida kwenye lami. Kanuni ya kilomita inafaa tambarare. Mlimani kilomita 20 zinaweza kula mafuta na breki kuliko 60 za barabara kuu. Mwenye gari akipewa nauli isiyolipa, atajilipa kwa kuongeza vichwa.

Kenya walipita njia hii, na yapo ya kujifunza kwa mafanikio yao na kwa kushindwa kwao. Kanuni zilizopewa jina la John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilianza kutumika Februari 2004. Zilidai vidhibiti mwendo na mikanda ndani ya matatu, na pia zilimtaka mwenye gari awaajiri dereva na konda kwa kudumu. Matatu zilitoweka barabarani kwa siku kadhaa na watu wakatembea kwa miguu, kisha zikarudi zikiwa zimetimiza masharti, kwa sababu biashara ilikuwa bado ipo. Usalama ulionekana kuimarika. Baadaye usimamizi ulilegea, vidhibiti vikachezewa na ajira za kudumu zikabaki kwenye karatasi. Somo lake ni kwamba sharti linalomgusa mwenye gari hutekelezeka, na kwamba bila kumbukumbu inayoonekana na kila mtu hulegea pindi waziri anapobadilika.

Ndiyo maana hofu ya rushwa, ambayo ni ya kweli, isijibiwe kwa kupunguza ukaguzi. Ukaguzi wa kando ya barabara unauzika kwa kuwa hauachi alama yoyote: hakuna anayeweza kuonyesha kesho nani aliliona tairi jana. Fomu ya ukurasa mmoja, ikibandikwa mlangoni mwa basi kabla ya kuondoka na kuingizwa kwenye mfumo ule ule unaopokea taarifa za VTS, ikiwa na mwaka wa kila tairi, jina la fundi na sahihi ya mkaguzi, inabadilisha hesabu hiyo. Mkaguzi anayejua kwamba jina lake litasomwa baada ya ajali atakuwa na sababu ya kuinama. Gharama ya fomu ni ndogo. Gharama ya matairi mapya itamfikia abiria kwa sehemu, na ni bora tuseme hivyo waziwazi kuliko kujifanya usalama ni wa bure.

Nguvu ya kufanya hivi haihitaji kusubiri sheria mpya. Leseni ya usafirishaji ni ya mwenye gari, na mwaka 2023 LATRA ilionyesha kwamba inaweza kumgusa, iliposimamisha ratiba za alfajiri za kampuni moja ya mabasi baada ya mfululizo wa ajali. Ilichofanya baada ya ajali inaweza kukifanya kabla ya ajali, kwa tajiri ambaye fomu zake zinaonyesha matairi ya vipara mwezi baada ya mwezi. Halmashauri ya Same inaweza kuanza na magari ya milimani kwa kushirikiana na polisi wa wilaya, na kila ripoti ya ajali itakayotolewa na Serikali inaweza kulazimishwa kutaja mambo matatu: mwenye gari, tarehe ya ukaguzi wa mwisho, na aliyeuidhinisha. Siku ripoti ya namna hiyo itakapokuwa jambo la kawaida, mwenye gari atakuwa na sababu ya kubadilisha tairi hata kama hakuna askari njiani.