Matundu matatu hayathibitishi kitu

Sijawahi kushika bunduki, na kwa sheria zetu za Kenya sitarajii kushika leo wala kesho. Lakini usiku bando ikibaki, huwa natazama video za walenga shabaha wa Marekani wakijitengenezea risasi za mashindano kwa mkono.

Jo, hao watu wana subira! Wanaokota maganda yaliyokwisha kufyatuliwa, wanayasafisha, wanayarudisha kwenye umbo, wanatia kiwashio kipya, wanapima baruti kwa greni (greni moja ni kama gramu 0.065), kisha wanaketisha kichwa cha risasi juu. Kila moja ifanane na mwenzake. Kwao, risasi ya dukani ni kama ugali wa kibandani: utashiba, lakini hukuona ukisongwa.

Ugomvi wangu nao unaanzia kwenye majaribio. Kutafuta kiasi bora cha baruti, wengi hujaza risasi tatu za kiasi kimoja, tatu zilizoongezwa kidogo, halafu tatu tena. Wanapiga karatasi. Kundi moja matundu yakigusana, kelele: tumeipata! Mmepata nini? Rudieni kiasi hichohicho kesho muone yanavyotawanyika. Kihesabu, kundi la risasi kumi kwa wastani ni pana takriban mara moja na nusu kuliko la tatu, bunduki ileile, baruti ileile, mtu yuleyule. Hata wataalamu wa Hornady, kampuni inayouza risasi na vifaa vya kuzijaza, walitoa kipindi kizima wakiwaambia wateja kwamba makundi yao ni madogo mno.

Mbaya zaidi ni ile risasi moja inayokwenda kando. "Hiyo ilinitoroka, usihesabu." Aisee, kama imetoka kwenye mtutu wako, ni yako.

Lakini nawaelewa. Baruti ina bei, na mtutu huchakaa kadiri unavyopiga. Tena nawaelewa kwa sababu nilifanya vilevile, ila bila bunduki. Nikiwa chuoni nilikuwa nacheza ule mchezo wa kubeti wa kandege. Jamaa mmoja wa Telegram aliniuzia fomula: subiri raundi tatu za chini mfululizo, ingia, toka pesa ikifika mara mbili. Nikajaribu mara tatu. Ikashika zote tatu! Nikaingiza karo ya semesta nzima. Mnajua ilivyoisha, ndiyo maana saa hizi naandika hapa badala ya kuwa darasani.

Baadaye ndipo niliona kwamba kile kikundi kilikuwa na mchezo uleule wa "usihesabu hiyo". Mkeka ukichanika, ujumbe unafutwa. Ukishika, unabandikwa juu kabisa na emoji za moto. Wauza sigino za forex nao ni walewale. Hata ushindi wanaokuonyesha ukiwa wa kweli, hapo ndipo wanapokunasa.

Kuna mlenga shabaha mmoja ninayemwamini sasa. Huhifadhi kila karatasi, hata zile za aibu, ameziandika tarehe na greni.

Juzi binamu yangu amenitumia picha tatu za fomula mpya. Nimemwambia anitumie hamsini zinazofuatana, na zilizochanika zikiwemo. Tiki ni za bluu, lakini hajajibu.